Kuhukumiana Bila Kukutana: Walimu wa Kiroho wa India na Maneno Yao Juu ya Wenzao

Msomaji wa mazungumzo na barua za walimu wa kiroho wa India wa karne ya 19 na ya 20 hachelewi kukutana na jambo linalosumbua. Watu hawa, ambao wafuasi wao wanaamini kwamba wamekwisha kuvuka ubinafsi, huwazungumzia wenzao kwa wepesi ambao mwanafunzi wa chuo asingeruhusiwa kuutumia katika insha yake. Fulani amefika nusu ya njia tu. Fulani ana nguvu lakini hana elimu. Mwingine ni tapeli. Aghalabu yule anayehukumiwa, ukimsoma kwa maneno yake mwenyewe, hafanani na yule aliyehukumiwa. Wapo wanaosema kwamba huo ni wivu tu, basi. Wivu upo, sikatai, lakini naona kwamba sehemu kubwa ya upotoshaji huu inatokana na namna hukumu zenyewe zinavyozaliwa: mgeni anafika na swali, ndani ya swali amebeba sura ya mwalimu mwingine kama alivyomwelewa yeye, mwalimu anaijibu sura hiyo, karani anaandika, na miaka mingi baadaye maneno yale yanachapishwa kana kwamba wakuu wawili wamehojiana ana kwa ana.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Ramana Maharshi na Sri Aurobindo. Ramana aliishi Tiruvannamalai, chini ya mlima Arunachala. Aurobindo aliishi Pondicherry tangu mwaka 1910. Baina ya miji hiyo miwili ni mwendo wa takriban kilomita mia moja, na wote wawili walifariki mwaka 1950, mmoja mwezi Aprili na mwingine Desemba. Hawakukutana hata siku moja. Ramana hakuwa na desturi ya kuondoka mlimani pake, na Aurobindo, kuanzia Novemba 1926, alijitenga chumbani na kuonekana na watu siku chache tu kwa mwaka. Watu wa kati walikuwapo, tena wa heshima: Ganapati Muni, mwanachuoni wa Kisanskriti ambaye ndiye aliyempa Ramana jina analojulikana kwalo, alikwenda Pondicherry mwaka 1928, na mwanafunzi wake Kapali Sastry alihamia huko moja kwa moja. Hata hivyo, mazungumzo halisi kati ya mafundisho hayo mawili hayakufanyika kupitia kwao. Yalifanyika kupitia kwa wageni na waandishi wa barua.

Tazama yalivyokwenda. Katika miaka ya 1930 Aurobindo alikuwa akijibu barua za wanafunzi wake usiku kucha, na baadhi yao walimuuliza juu ya Ramana. Wengi wa waulizaji hao walikuwa wamemjua Ramana kupitia kitabu cha mwandishi wa habari Mwingereza, Paul Brunton, kilichotoka mwaka 1934. Katika barua mojawapo Aurobindo anakiri kwamba anategemea maelezo ya Brunton, na kwamba maelezo hayo yanachanganya mambo ambayo yeye huyatenganisha, hata ni vigumu kujua Maharshi alimaanisha nini hasa. Naupenda ungamo huo, kwa sababu ni nadra kuupata kwa watu wa daraja lake. Lakini tahadhari yenyewe ilipotea njiani. Wafuasi waliokuja baadaye walibaki na hitimisho peke yake, kwamba Ramana alifikia utulivu wa Nafsi isiyobadilika na akaishia hapo, ilhali Aurobindo aliendelea mbele kuitafuta nguvu itakayougeuza mwili na dunia.

Upande wa pili ulikuwa vivyo hivyo. Mazungumzo ya Ramana ya kati ya mwaka 1935 na 1939 yaliandikwa kwa Kiingereza na Munagala Venkataramiah, ingawa Ramana mwenyewe mara nyingi alijibu kwa Kitamil au Kitelugu. Humo wageni wanamletea nadharia ya Aurobindo ya nguvu ya Mungu kushuka kutoka juu, wakiwa wameifupisha kwa sentensi moja au mbili, na Ramana anafanya kile alichokuwa akikifanya kwa kila nadharia: anamrudisha muulizaji kwake mwenyewe. Kwanza ajisalimishe kikamilifu, au kwanza amjue yeye anayeuliza, ndipo aangalie kama lipo jambo la kupanda au kushuka. Kama ni ushauri kwa mgeni aliyeketi mbele yake, jibu hilo ni zuri. Kama ni tathmini ya kitabu cha Aurobindo chenye kurasa zaidi ya elfu moja, si tathmini kabisa, wala sidhani kama Ramana alikusudia iwe hivyo. Hata hivyo linanukuliwa mpaka leo kama ushahidi kwamba Ramana alimkataa Aurobindo.

Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka kwamba India ilikuwa na utaratibu wake wa zamani wa kuzuia kosa la namna hii. Wanafalsafa wa Kisanskriti walikuwa na desturi iitwayo purvapaksha: kabla ya kumpinga mtu, unaeleza hoja yake kwanza, kwa nguvu zake zote, ikiwezekana vizuri kuliko alivyoieleza mwenyewe. Ramanuja, alipotaka kuipinga Advaita, yaani fundisho kwamba Nafsi na Uhalisi wa mwisho ni kitu kimoja, alianza ufafanuzi wake wa Brahma Sutra, andiko la msingi la falsafa hiyo, kwa kuieleza Advaita kwa urefu ambao mtu angeweza kuusoma na kudhani kwamba mwandishi ndiye mtetezi wake. Katika karne ya 16, Madhusudana Saraswati alimjibu Vyasatirtha hoja kwa hoja, bila kuruka zile zilizomuuma. Mtu anaweza kuzisoma pande zote mbili za mabishano hayo na kuamua mwenyewe.

Sitaki kuwafanya watu wa kale kuwa malaika. Hata Shankara, mwanafalsafa mkuu wa Advaita, ambaye mbinu yake inasifiwa mpaka leo, alipomaliza kuwajibu Wabudha aliandika kwamba ama Buddha alikuwa akipayuka maneno yasiyoshikana, ama aliwachukia viumbe kiasi cha kutaka kuwapotosha. Lakini tusi lile lilikuja baada ya hoja. Msomaji aliyelichukia tusi alibaki na hoja ya kuipima. Katika zama zetu mara nyingi tusi hutangulia, na hoja haifiki.

Aliyefungua ukurasa mpya, kwa maoni yangu, ni Dayananda Saraswati, aliyeasisi Arya Samaj, harakati ya kuurekebisha Uhindu, mwaka 1875. Kitabu chake Satyarth Prakash kina sura nne za mwisho ambazo kazi yake ni kuwapima wengine: madhehebu ya Kihindu, kisha Wabudha na Majaini, kisha Ukristo, kisha Uislamu. Kipimo ni kimoja, yaani Veda, maandiko ya kale ya Kihindu, kama Dayananda alivyozielewa. Anapofika kwa Guru Nanak, mwasisi wa dini ya Wasikh, anakubali kwamba nia yake ilikuwa njema, lakini anamshutumu kwa kutojua Kisanskriti, na anatoa ushahidi wa neno alilolitamka kinyume cha sarufi ya lugha hiyo. Nanak hakuwa akiandika Kisanskriti. Alikuwa akiimba kwa lugha ya watu wa Punjab, na akalitamka neno kama wao walivyolitamka. Kumhukumu mshairi kwa sarufi ya lugha ambayo hakuitumia ni kosa ambalo mtu mwenye akili ya Dayananda asingelifanya kama angekuwa na sababu ya kumsikiliza kwanza. Wasikh waliumia, na uhusiano wao na Arya Samaj katika Punjab uliharibika kwa kiasi kikubwa kwa sababu ya sura hiyo.

Naye Dayananda alipimwa. Ramakrishna, ambaye jina lake leo ni kama alama ya kuzikubali njia zote, alikwenda kumwona Dayananda alipokuja Bengal, na kwa mujibu wa kumbukumbu za wafuasi wake alirudi na maoni makali kiasi: kwamba alikuwa na nguvu fulani, lakini alizungumza maandiko usiku na mchana, alipindisha maana ya maneno kwa kutumia sarufi, na ndani yake ilikuwapo ile hamu ya kuanzisha kundi lake. Hukumu hii angalau ilitoka kwa mtu aliyekwenda akaona kwa macho yake. Haina hoja hata moja, lakini ina mtu ndani yake.

Kwamba maneno ya namna hii si mchezo wa vitabuni kulidhihirika zaidi ya karne moja baadaye. Mwaka 2006, huko Karontha katika jimbo la Haryana, wafuasi wa Arya Samaj na wafuasi wa Rampal, kiongozi wa ashramu ya hapo aliyekuwa akiyashambulia hadharani maandishi ya Dayananda, walipambana, na mtu mmoja akauawa. Kitabu kilichoandikwa kuwapima wengine kilikuwa sasa kinapimwa na mwingine, na wafuasi wa pande zote mbili hawakuwa na subira ya purvapaksha.

Ipo aina nyingine ya upotoshaji ambayo haina ukali wowote, na mimi naiona kuwa ngumu zaidi kuitambua. Ni ile ya kumpandisha mwenzako kwenye ngazi yako. Vivekananda, aliyepata umaarufu katika Bunge la Dini la Chicago mwaka 1893, alifundisha kwamba mifumo mitatu ya Vedanta, falsafa itokanayo na maandiko ya Upanishadi, yaani ule unaomtenganisha Mungu na roho, ule unaoziona roho kuwa sehemu zake, na ule usioona utengano wowote, ni hatua tatu za safari moja. Kwa sikio la mgeni haya ni maneno ya upatanisho. Kwa mfuasi wa Madhva, ambaye ametumia maisha yake kuthibitisha kwamba Mungu na roho ni tofauti milele, maneno haya yanamwambia: wewe hukosei, ila hujakua. Hakuna aliyemuuliza kama yupo safarini. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngazi zote ninazozifahamu katika fasihi hii zina sifa moja ya kustaajabisha, kwamba anayezichora yuko ngazi ya juu kabisa. Hata Aurobindo, mwangalifu kama alivyokuwa, aliona kwamba yoga yake inaanzia pale za wengine zinapokoma.

Kwa sababu hiyo, ninapomsoma Prabhupada, aliyeanzisha chama cha Hare Krishna New York mwaka 1966, nakuta nafuu ambayo sikuitarajia. Kwake hapakuwa na ngazi. Wafuasi wa Advaita aliwaita wahuni na wapotoshaji bila kumung'unya maneno, na alirudia shutuma ya zamani kwamba mafundisho yao ni Ubudha uliojificha. Ni lugha isiyopendeza. Lakini katika ufafanuzi wake wa Bhagavad Gita, pale Krishna, Mungu anayesema ndani ya kitabu hicho, anaposema "nifikirie mimi, uniabudu mimi", Prabhupada anamchukua mfafanuzi mwenye kisomo kikubwa aliyedai kwamba anayepaswa kuabudiwa hapo si Krishna mwenyewe bali Yule asiyezaliwa anayesema ndani yake. Anayataja maneno ya mfafanuzi, anayaweka mbele ya msomaji, halafu anayapinga kwa kuonyesha kwamba aya haisemi hivyo. Msomaji anaweza kuifungua aya na kuangalia. Mtu anayekutukana huku akikuonyesha mstari anaobishana nao amekuheshimu kuliko yule anayekusifu huku akikugeuza kuwa mwanzo wa hadithi yake.

Jiddu Krishnamurti alikuwa na mtindo wake peke yake. Mwaka 1929, huko Ommen nchini Uholanzi, alilivunja shirika ambalo Wanatheosofia, wafuasi wa chama cha kutafuta hekima ya siri ya dini zote, walikuwa wamelijenga kwa ajili yake kama mwalimu mkuu ajaye, na tangu hapo hadi kufa kwake mwaka 1986 alifundisha kwamba hakuna guru anayeweza kumfikisha mtu kwenye ukweli. Mara nyingi hakutaja majina. Alisema "maguru", "mifumo", "mbinu", na ukumbi mzima ulielewa. Tatizo la shutuma isiyo na jina ni kwamba hakuna anayeweza kuijibu. Mathalani, alipenda kusema kwamba mtu akirudiarudia Om au Coca-Cola kwa muda mrefu atapata hali fulani ileile. Wasikilizaji walicheka. Lakini Yoga Sutra ya Patanjali, kitabu cha kale cha yoga, katika sura ya kwanza, inaagiza kulirudia neno takatifu pamoja na kutafakari maana yake. Kurudia sauti tupu si mbinu inayofundishwa hapo. Inawezekana kwamba Krishnamurti alikuwa akimlenga Mahesh Yogi, aliyeuza mantra, yaani maneno ya kurudiwarudiwa, kama dawa ya uchovu wa kisasa kwa watu wasiojua lolote juu ya maana ya maneno hayo. Kama ndivyo, mshale ulikuwa halali, lakini ulipaswa kurushwa upande wake. Ulivyorushwa, uliwapata watu wa miaka elfu mbili ambao hawakuwa wamefanya kosa hilo.

Osho, au Bhagwan Shree Rajneesh kama alivyoitwa kabla, alitaja majina yote. Alimzungumzia Gandhi, Mahesh Yogi, Sathya Sai Baba, Muktananda, na Krishnamurti zaidi ya wengine, leo kwa sifa, kesho kwa kejeli, na mtu akitaka nukuu ya upande wowote ataipata. Ni yeye mwenyewe aliyesimulia kwamba aliwahimiza wafuasi wake, wenye mavazi ya rangi ya chungwa, waende kukaa safu za mbele katika mihadhara ya Krishnamurti huko Bombay, kwa kuwa alijua watamkera. Na walimkera. Nadhani kisa hiki kinaeleza vizuri kuliko hotuba zake zote: mwenzake alikuwa nyenzo ya maonyesho. U. G. Krishnamurti, mtu mwingine mwenye jina hilo, aliyefuata baadaye na kuwakana Osho na Jiddu, alijenga sehemu ya simulizi la maisha yake juu ya ziara moja kwa Ramana mwaka 1939, ambapo, kwa masimulizi yake, Ramana alimjibu kwamba anaweza kumpa kitu hicho lakini je, ataweza kukipokea. Wafuasi wa Ramana wanalikataa jibu hilo kwa sababu halifanani na lolote alilowahi kulisema: katika mazungumzo yake yote alishikilia kwamba hakuna kitu cha kutoa wala cha kupokea, kwa kuwa mtu tayari ndicho.

Msema pweke hakosi, na mandhari ya walimu hawa ni ya wasema pweke. Mmoja ameketi juu ya jukwaa, mamia wameketi sakafuni; swali linaruhusiwa, swali la pili linavumiliwa, la tatu linaonekana kuwa utovu wa adabu. Mahali hapo hapazalishi masahihisho. Mfuasi aliyewahi kukaa kwa mwalimu mwingine na anajua kwamba maelezo si sahihi ana sababu nyingi za kunyamaza, mojawapo ikiwa kwamba ameondoka kule na anataka kuamini kwamba hakukosea kuondoka.

Hata tofauti yenye uzito wa kweli huharibika katika mazingira hayo. Swami Dayananda wa Arsha Vidya, aliyekuwa mwanafunzi wa Chinmayananda, aliyefariki mwaka 2015 na ambaye hapaswi kuchanganywa na yule wa Arya Samaj, alikuwa na hoja nzito: kwamba Upanishadi ni njia ya kupata maarifa, kama jicho lilivyo njia ya kupata rangi, na kwamba walimu wa kisasa wameigeuza Nafsi kuwa tukio la kulingojea, mwanga fulani utakaokuja siku akili itakapokoma. Hoja hiyo inawagusa kweli wengi. Wanafunzi wake walipoielekeza kwa Ramana, hata hivyo, walielekeza kwa mtu ambaye alisema mara nyingi kwamba Nafsi ipo wakati wote, kwamba hakuna jipya la kupatikana, na kwamba kinachokuja kama tukio kitaondoka kama tukio. Palikuwa na tofauti halisi ya kujadiliwa, yaani kama kujiuliza "mimi ni nani" kunatosha bila mwalimu wa maandiko, na hiyo ingetosha kwa kitabu kizima. Badala yake mjadala ukaenda kwenye kosa ambalo Ramana hakulifanya.

Yote haya ni juu ya mafundisho. Juu ya mwenendo, yaani fedha, madaraka na miili ya wafuasi, walimu hawa kwa ujumla wamekuwa wakimya kwa namna inayotia aibu, na hapa ndipo mizani yao ninapoiona imepinda zaidi. Barua isiyo na jina iliyomtuhumu Gurmeet Ram Rahim, kiongozi wa Dera Sacha Sauda huko Haryana, kwa ubakaji wa wafuasi wake wa kike ilipelekwa kwa waziri mkuu wa India mwaka 2002. Asaram, guru mwingine mwenye wafuasi wengi, alitiwa mbaroni mwaka 2013 kwa tuhuma za ubakaji. Mwaka uliofuata, Agosti 2014, mkutano mkubwa wa viongozi wa dini uliitishwa huko Kawardha, jimbo la Chhattisgarh, kwa uongozi wa Swaroopanand Saraswati, mwenye cheo cha Shankaracharya, yaani mkuu wa monasteri ya urithi wa Shankara, na ajenda iliyowachemsha haikuwa Asaram wala Ram Rahim. Ilikuwa kama Sai Baba wa Shirdi, fakiri aliyefariki mwaka 1918 na ambaye hakuacha kitabu wala shirika, anastahili kuabudiwa katika mahekalu ya Kihindu. Mkutano ukaamua kwamba hastahili. Orodha ya watu 14 waliotajwa na Akhil Bharatiya Akhara Parishad, baraza la makundi ya watawa wa Kihindu, kuwa ni masadhu (watawa) wa uongo, Ram Rahim na Asaram wakiwa miongoni mwao, ilitoka tarehe 10 Septemba 2017, majuma mawili hivi baada ya mahakama ya Panchkula kumtia Ram Rahim hatiani.